Nani Yuko Shimoni

9 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Salamu nyingi, nyingi kuliko unavyoweza kubeba na kifua hicho. Mimi mzima, paa zima, kuku wazima ila yule jogoo mwenye jicho moja amekufa. Hakuugua. Nadhani ni uzee, au ubishi tu. Mlango wa jikoni nimeutia mafuta, haulii tena. Mwanetu msalimie sana, mwambie baba yake mkubwa ameandika barua hii mwenyewe na hakushikwa mkono na mtu.

Mwandiko unauona. Usicheke. Miaka yote mimi nasema wewe unaandika, sasa umeondoka, nikajiuliza kwani kuandika ni nini. Mtu anayepiga mstari ulionyooka juu ya gogo la mviringo, kutoka kichwani mpaka mkiani, ashindwe na mstari wa daftari ambao tayari mtu amekuchorea? Nimeanza baada ya chai, sasa kivuli cha banda kimefika mlangoni. Lakini imetoka.

Haya, habari zenyewe. Shimo letu la kupasulia mbao liko kama ulivyoliacha. Msumeno nimeupaka mafuta nikautundika. Seremala amekuja mara mbili kutaka mbao, nikamwambia msumeno huu una watu wawili. Wa juu ya gogo ni mimi, wa chini shimoni ni mdogo wangu, na mdogo wangu yuko kwa binti yake anatibiwa kifua. Hakuna atakayeingia shimoni mpaka arudi. Nimesema hivyo mbele ya watu, na mimi nikisema nimesema.

Nusu Inchi naye kaja. Yule yule, ambaye hajawahi kupasua ubao ukawa na unene mmoja pande zote. Kaja na kofia mkononi, eti, Bingwa, nimesikia uko peke yako. Nikamjibu arudi alikotoka, maana magogo yangu yakimwona yanajipinda yenyewe. Watu walicheka mpaka mshonaji wa mlango wa pili akasimamisha cherehani.

Hilo neno la peke yako wamelishika wote. Wananiuliza uko peke yako, kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa. Mshonaji kaniambia nyumba imekuwa kimya hadi anasikia nikivua viatu. Nimemwambia kuna mtu aliye peke yake kwa kuwa hana wa kumpenda, na kuna aliye peke yake kwa kuwa hana mfano, na mimi ni huyo wa pili. Akasema haya, Bingwa.

Tulia utibiwe. Ulisema miezi miwili. Mahali pako panakungoja.

Kaka yako


3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na mwandiko wako unasomeka. Sikucheka, ila mwanetu alicheka kidogo pale pa jogoo. Anakuamkia. Mume wake naye anakuamkia, na watoto wote wawili. Wanakaa ghorofa ya tatu, ngazi nyingi, napanda kwa vituo kama basi. Dawa zipo, nameza. Daktari ni mtu mpole, hasemi mengi.

Usinihurumie kwa upweke. Nyumba hii imejaa. Redio, watoto, majirani wanabisha hodi, sipati hata nafasi ya kuwa peke yangu. Anayenipa mawazo ni wewe. Kila nikikaa mezani na watu watano nakuona na sahani yako moja, naona chakula hakishuki. Nimekuacha na nyumba nzima na msumeno wa watu wawili. Sikupaswa kuondoka ghafla vile.

Pia nina jambo la kukiri. Kile kishikio cha chini cha msumeno, kinachofunguliwa kwa kabari, nimekuja nacho. Nilikitia kwenye begi asubuhi ile wewe ukiwa kisimani. Sijui kwa nini. Nimekiweka dirishani, na mwanetu ananiuliza ni kitu gani hicho kilichopakaa jasho. Nitarudi nacho.

Asante kwa kunitunzia mahali pangu. Hilo ndilo linalonifanya nimeze dawa.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Barua yako imesomwa mara tatu, na mara zote tatu msomaji ni mimi. Huku wote hawajambo, wote maana yake mimi. Mshonaji amepata mjukuu wa kike, analia kutwa nzima. Mtoto, siyo mshonaji. Ile miwani ya marehemu shemeji yako nimeikuta kabatini, naivaa nikiandika, inasaidia kidogo ingawa ni ya kike.

Kishikio si neno, kaa nacho.

Sasa jiweke sawa nikupe habari. Lile gogo kubwa nyuma ya banda, ulilosema siku moja litatumaliza, limemalizwa lenyewe. Mbao kumi na nane ndefu, hakuna ya kutupa. Seremala kapitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu kasema, Bingwa, mbao hizi zimenyooka kuliko za mwaka jana. Sikulipenda neno hilo, mwaka jana zilikuwa na nini? Lakini ndiyo sifa, nikaipokea. Sasa mjenzi wa ghala kule barabarani kaleta magogo sita kwa mpigo. Wanasema mtaani kwamba mzee huyu alikuwa amelala, sasa ameamka.

Mtu akibaki peke yake ndipo anapojua nguvu alizonazo.

Kula vizuri. Usinihesabie sahani.

Kaka yako Bingwa


25 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa hawajambo. Mkwe wetu amehamishiwa zamu ya asubuhi. Mtoto mkubwa anasoma mpaka jioni sasa, na mdogo wanampeleka mahali wanapolelewa watoto. Dawa wamenibadilishia.

Nilifurahi kwa habari ya gogo. Niliisoma barua nikaikunja, siku nyingine nikaifungua tena, na tena. Kuna jambo dogo sikulielewa, pengine dawa ndizo zinanipanda kichwani. Kishikio cha chini kiko hapa dirishani, nakitazama ninavyoandika. Na hata kingekuwa huko, ule msumeno wewe na mimi tunaujua. Juu mmoja, chini mmoja.

Mbao kumi na nane, kaka. Nani yuko shimoni?

Siulizi kwa ubaya.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba, marahaba. Barua imefika jana, leo najibu, ili ujue sina la kuficha. Mimi mzima kama chuma. Kikohozi kidogo tu cha majira. Kuku wametaga vizuri. Mshonaji kanunua cherehani ya pili ingawa miguu yake ni ile ile miwili. Bomba la mtaa limetengenezwa, sasa linatoa maji mpaka yanamwagika bure. Mkwe wetu mwambie zamu ya asubuhi ni nzuri, mtu anaona jua. Seremala kaoa tena.

Kuhusu ulichouliza. Nashangaa unauliza, wewe unayenijua. Nimesema niko peke yangu, niko peke yangu. Nimebuni kitu. Nimechukua lile jiwe tulilokuwa tunazuilia mlango wa banda, nikalifunga kwa minyororo chini ya msumeno, mahali pa kishikio. Mimi juu nainua, jiwe linavuta chini. Nainua, linavuta. Halichoki, halilalamiki, haliombi maji. Watu wanatoka mbali kuja kuangalia. Nimewaambia wasiige, wataumia.

Basi ndiyo hivyo. Nakuuliza na mimi, maana wewe umeuliza. Ulisema miezi miwili. Sasa ni mwezi wa sita unaanza. Unarudi lini?

Kaka yako


19 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Hapa wote wazima, wanakuamkia. Natumaini kikohozi chako cha majira kimekwenda na majira yake.

Nimejitahidi kuliamini jiwe. Nimejitahidi kwa moyo wote, maana ningelipenda liwe kweli. Jiwe litavuta, sikatai. Lakini likining'inia linazunguka, na msumeno ukizunguka unabana ndani ya mti. Mtu wa chini kazi yake siyo kuvuta tu, ni kuushika usigeuke. Kwa hiyo jiwe lako lina mikono, kaka, na mimi nimelitazama jambo hili pande zote na sina hasira. Nina aibu. Nikueleze kwa nini, halafu wewe ukitaka utanieleza lako.

Juma la kwanza tu nilipofika, daktari aliweka picha ya kifua changu kwenye taa akaniambia, mzee, kazi ya vumbi basi. Siyo kwa miezi miwili. Basi. Nilitoka pale nikamwambia mwanetu asikuandikie. Nikawaza, shimo likiendelea kuwa tupu mimi bado ni mtu wa msumeno aliyesafiri. Likipata mtu, mimi ni mzee tu anayekaa kwa binti yake. Ndiyo maana nilikiiba kishikio. Sikusahau kukirudisha, nilikiiba. Nilikuacha ukae bure, uchekwe, ukatae kazi mbele ya watu kwa ajili ya ahadi, na mimi najua fika kwamba sirudi shimoni. Kila ulipoandika kwamba mahali pangu pananingoja nilisoma mara mbili, halafu nikashindwa kula.

Na nyumba hii haijajaa. Imejaa jioni. Asubuhi wakishatoka wote nasikia funguo za mwanetu zikishuka ngazi, kisha sisikii kitu. Majirani hawabishi hodi, nilikudanganya. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya chini huwa ananiitikia. Yeye na mimi hatujawahi kuvuka neno habari. Nakaa dirishani na kishikio mpaka watoto warudi, na wakirudi wananipenda, sisemi uongo, lakini wananipenda huku wana mambo yao. Nilidhani mtu akiwa peke yake ni lazima nyumba iwe tupu. Siyo lazima. Wewe nilikuonea huruma, nikala huruma hiyo kama chakula, kumbe nilikuwa naililia hali yangu.

Mwanetu anataka nikae hapa moja kwa moja. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwaka, aweze kupata nyumba yenye chumba kingine. Mimi sijui nimjibu nini, kwa sababu sijui kama nina kwa kurudi. Mtu hawezi kurudi mahali palipokwisha jaa.

Kwa hiyo nakuomba, usiniandikie tena kuhusu jiwe. Niandikie jina la mtu aliye shimoni. Jina tu.

Mdogo wako


8 Septemba

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Kuku wazima, nyumba nzima. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, na karatasi zimenipunguzia daftari. Mara nyingine nilikuwa nafika kwenye kuku tu, halafu mkono unagoma.

Ulipoandika una aibu nilitaka kuinuka nikafunge mlango, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona. Wewe umekaa dirishani na mti mkononi, na mimi huku nakuandikia sifa. Sasa acha niseme na mimi, na nikisema vibaya nisomee vizuri, kama ulivyokuwa unafanya zamani.

Ile siku niliyomfukuza Nusu Inchi na watu wakacheka, ilikuwa kweli. Nilikuandikia siku ya pili yake. Ambalo sikukuandikia ni kwamba barua hata haijafika kwako nilimfuata mwenyewe kwake, nikasimama nje kama mdai. Sikuweza tena, Kimya. Siyo njaa. Nyumba ilikuwa inanikalia. Nilikuwa nakaa shimoni kwenye ngazi yako, nakunywa chai huko, kwa sababu huko ndiko palikuwa na harufu ya mtu. Nusu Inchi aliingia ndani akatoka na koti. Tukachonga kishikio kipya kwa mti wa mpera, na wakati tunakichonga nilikuwa natazama njia kama mwizi.

Tangu hapo, kila barua niliyokuandikia kwamba niko peke yangu, yeye alikuwa hapo barazani akinywa chai yangu. Ile ya jiwe alinisikia nikiisoma kwa sauti. Akaniuliza, Bingwa, hilo jiwe ni mimi? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi lilimbikizie sifa kidogo. Ndipo nikaongeza ile ya kwamba halichoki.

Nilidanganya kwa nini? Nilijiambia nakulinda wewe. Siyo kweli, au siyo kweli yote. Mtu aliyeachwa peke yake watu wanampa pole, wanamletea bakuli. Mtu aliyemweka mwingine mahali pa ndugu yake hapewi pole na mtu. Mimi nilizitaka mbao na pole vyote viwili.

Sasa jina. Umeomba jina tu.

Gogo la kwanza Nusu Inchi alikuwa chini na mimi juu, kama ilivyo haki. Nilipiga mstari, nikaufuata, nikaushangilia. Ubao ukatoka mnene mwanzo, mwembamba mwisho, kama kabari. Wa pili hivyo hivyo. Nikamtukana sana kule chini. Akapanda, akapima, hakucheka, na alikuwa na kila haki ya kucheka. Akaniuliza polepole, Bingwa, mstari unauona? Nikamwambia naona. Akasema uko wapi? Nikaonyesha kidole. Akanishika kidole akakisogeza. Nusu inchi nzima.

Sijui ni tangu lini. Seremala anajua, nadhani, na wewe nadhani ulijua, maana ndugu yangu ulikuwa unaushika msumeno kwa chini na kuurudisha njiani bila kusema, na mimi juu nikajiita Bingwa.

Basi yeye akapanda juu. Gogo halina nafasi ila mbili.

Unauliza nani yuko shimoni. Mimi.

Tangu mwezi wa tatu niko chini, mdogo wangu. Mahali pako pamejaa, na nimepajaza mimi. Sikujua kukoje. Nilidhani najua, si nilikuwa hapo hapo juu yako? Huoni mstari, huoni mtu, unaona nyayo mbili na unga wa mbao unakushukia machoni, shingoni, kwenye pumzi. Nilimwita Nusu Inchi asimame nipumzike, nikaita tena, hakusikia, msumeno unalia. Ndipo nikajiuliza wewe uliniita mara ngapi.

Ulikuwa na kawaida ya kuguna wimbo huku mdomo umefunga. Nilikuwa nawaambia wateja, mnamsikia, mdogo wangu ana raha, hana shida na dunia. Siku ya pili huko chini nilijisikia naguna. Mdomo ukifungua unga unaingia, na ukikaa kimya kabisa unaona kama umekwisha zikwa. Sikuwa na raha yoyote. Nilisimama nikauegemea ule ukuta wa udongo wenye alama za bega lako, zimechimbika, na bega langu lilizidi zile alama kidogo tu. Nusu Inchi alidhani nimeumia akashuka.

Kifua changu sasa nacho kimeshika. Siyo majira. Asubuhi natoa makohozi ya rangi ya mti. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa kuwa umeniomba ukweli, na hakuna mtu mwingine hapa anayekijua kikohozi hiki kwa sauti.

Sina kazi ya kukupa. Nilikuahidi mahali mbele ya watu na sina. Nina kitanda chako, hakijalaliwa na mtu. Ukija, mchana utakuwa peke yako hapa pia, mimi nitakuwa chini ya gogo mpaka jioni. Kama mwanetu anakupatia chumba, kichukue, usinisikilize mimi. Mimi nimesikilizwa vya kutosha.

Kaka yako


13 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo.

Toka shimoni. Leo, ukimaliza kusoma. Mwambie Nusu Inchi atafute mtu mwenye mapafu, na huyo mtu afunge kitambaa kibichi mdomoni na awe anapanda juu kila gogo likigeuzwa, mimi sikuwahi kupanda kwa sababu hukuniita na sikuomba.

Makohozi ya rangi ya mti mimi niliyatoa mwaka mzima kabla sijakuambia nakwenda kutibiwa. Wewe una miezi sita. Bado kuna njia.

Mwanetu nimempa jibu. Amelia, halafu amenikatia tiketi. Nakuja Jumamosi. Nikikuta nyayo za Nusu Inchi ziko juu na wewe huonekani barazani, nitashuka mwenyewe kukutoa, na daktari amenikataza.

Mdogo wako